Mikono isiyo na adabu: kisa cha binti aliyetafutiwa kifaa cha kutia dawa ubongoni

Kabla ya yote

Kisa hiki kimetoka kwenye kliniki ya kifafa ya hospitali moja ya wilaya, mwambao wa Tanzania. Binti mwenyewe, mama yake na mjomba wake wamekubali kiandikwe ilimradi wasitambulike. Kwa hiyo jina la mji halipo, umri nimeuzungusha kidogo, na mambo mawili matatu ambayo yangemfanya jirani aseme "huyu si mtoto wa fulani?" nimeyaondoa. Mimi ni tabibu. Kliniki yetu ni kila Alhamisi, na siku ya kawaida tunaona watu thelathini hadi arobaini, mimi na muuguzi mmoja. Naitaja idadi hiyo mapema kwa sababu inaeleza baadhi ya makosa yaliyotokea, ingawa haiyafuti.

Binti na daftari lake

Alikuwa na miaka 18 alipofika kwetu mara ya kwanza, na daftari lake la matibabu likiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa zahanati, ulisema: "Kifafa. Alianguka mwembeni akiwa na miaka 6." Maneno hayo machache ndiyo yaliyomwongoza kila aliyemtibu baadaye, mimi nikiwemo. Mtoto kadondoka mtini, kichwa kimepigwa, miaka minane baadaye kifafa: tukaona tumeshapata chanzo. Kumbe siku ile hakuzimia wala hakutapika. Alilia, akafutwa machozi, akarudi kucheza. Mama yake angetuambia hayo siku yoyote kama tungemuuliza.

Kifafa kilimwangusha mara ya kwanza akiwa na miaka 14, alfajiri, baada ya kukesha kwenye harusi ya binamu yake. Zahanati wakampa fenobabitali ya kumeza usiku. Kuanguka kulipungua, lakini darasani akawa analala juu ya dawati, na mwalimu akamwita mama shuleni. Baada ya mwaka mmoja na nusu mama akaomba abadilishiwe. Akaanzishiwa kabamazepini, miligramu 200 mara mbili kwa siku, kisha 400 mara mbili, kisha 600 mara mbili. Ukilifungua daftari lile leo unaona kitu cha ajabu: kila dozi inapopanda, kuanguka nako kunapanda. Mara moja kwa miezi miwili ikawa mara moja kwa mwezi, halafu mara tatu kwa mwezi. Na kila kulipozidi, mwandiko uliofuata uliongeza dozi. Miandiko miwili ya mwisho ni yangu.

Yapo pia ambayo daftari haliyaandiki. Alinyweshwa kombe, akasomewa dua, akapelekwa kwa mganga ng'ambo ya mto. Siyacheki hayo. Kombe halikumzidishia kitu. Aliyemzidishia ni sisi.

Nyumbani kwao wanauza vitumbua. Saa kumi alfajiri jiko la mkaa limeshawaka, na kufikia saa kumi na mbili vijana wa bodaboda na wanafunzi wamepanga foleni. Baada ya kumaliza kidato cha nne Binti ndiye aliyekuwa mgeuzaji, kijiti mkononi, kikaango cha mashimo saba mbele yake. Asubuhi moja aliangukia upande wa jiko, mkono wa kulia ukalala juu ya kikaango. Waliokuwa wakingoja vitumbua walirudi nyuma, maana watu bado wanaogopa mate ya mwenye kifafa, na mama alikuwa ndani kuchota unga. Kovu linaanzia kwenye kifundo na kukaribia kiwiko. Katikati yake, kwenye ngozi iliyojikunja, yanaonekana mapande mawili ya mviringo, sawa na mashimo ya kikaango.

Swali lililojibiwa vibaya

Mjomba wake anaishi Muscat, ni fundi viyoyozi. Baada ya ajali ya jiko akawa hapati usingizi, anatafuta mtandaoni usiku. Akakuta video ya kifaa chembamba kama uzi bapa kinachopandikizwa ndani ya ubongo, kikihisi kifafa kinakuja kinatoa dawa palepale, na kifafa kinazimika kabla hakijamwangusha mtu. Akaituma.

Mama alikuja nayo Alhamisi, simu mkononi. Tukasalimiana. "Daktari mwanangu, kaka yangu kaniletea hii. Nitazamie, inamfaa mwanangu?"

Niliitazama pengine sekunde kumi. Nikamjibu: "Hiyo bado iko kwa panya, mama. Tuendelee na dawa." Nikaandika dozi ileile, nikaita namba inayofuata.

Nilichomwambia kilikuwa kweli. Miezi kadhaa baadaye nilimuuliza alisikia nini siku ile. Akasema: "Nilisikia unaniambia nikakae nyumbani nisubiri."

Miezi minne ya wakala

Hawakurudi. Mjomba, kupitia kwa rafiki wa rafiki, alimpata wakala anayesafirisha wagonjwa kwenda kutibiwa nje. Wakala alidai shilingi milioni 2 za kufungua faili. Mama akaweka rehani kipande cha shamba la minazi. Nimeiona picha waliyotumiwa kama ushahidi kwamba kifaa kipo na kinapandikizwa. Kipo kweli, ila ni kingine kabisa. Ni kile cha umeme kinachofukiwa kwenye fuvu na kurusha mkondo mdogo kinapohisi kifafa, ambacho Marekani walikiidhinisha mwaka 2013 kwa watu wazima ambao kifafa chao kinaanzia mahali pamoja au pawili panapojulikana. Hakina hata tone la dawa. Sijui kama wakala alidanganya au naye alichanganya. Kwa mwenye shamba la minazi lililowekwa rehani, tofauti hiyo ni ndogo.

Halafu likaja agizo kwa simu: mgonjwa aache vidonge ili mwili "usafike" kabla ya upasuaji. Wakaacha siku hiyohiyo, miligramu 1,200 kwa siku hadi sifuri. Yeyote anayegawa dawa za kifafa angewazuia kwa sauti kubwa. Lakini wangemuuliza nani? Mlango nilikuwa nimeshaufunga.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa tulivu, na hapo familia ikazidi kumwamini wakala. Siku ya 19, alfajiri, Binti alianguka mara tatu mfululizo bila kuzinduka katikati. Walimleta kwa bajaji, kichwa kwenye mapaja ya mama. Dozi ya pili ya diazepamu ya mshipa ndiyo iliyomtuliza.

Asubuhi ya uji

Siku ya tatu wodini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muuguzi wa zamu alikuwa anagawa uji. Akaona mama amekishika kikombe na kumnywesha binti mzima aliyekaa wima kitandani.

"Mama, mwache anywe mwenyewe. Si ana mikono?"

Mama akacheka. "Asubuhi hii? Asubuhi mikono yake haina adabu."

Muuguzi angeweza kucheka naye akapita kwenda kitanda kingine. Badala yake akakaa ukingoni mwa kitanda akauliza haina adabu vipi. Mama akaeleza kwamba tangu msichana alipovunja ungo, asubuhi akiamka mikono inaruka yenyewe. Mswaki unamtoka. Kijiko kinaruka na uji wake. Bibi yake alishawahi kumchapa kwa kumrushia chai. Anakuwa na akili zake timamu, anaongea, anaomba radhi, na mkono unaruka tena. Kwao wamehamia vikombe vya plastiki, tena vinajazwa nusu. Ikifika saa tatu au nne asubuhi anatulia. Kisha mama akaongeza jambo ambalo kwake lilikuwa uthibitisho wa maneno ya wakala: "Tangu aziache zile dawa, mikono imetulia kidogo. Kuanguka ndiko kulikorudi."

Muuguzi aliyaandika yote nyuma ya karatasi ya joto na mapigo ya moyo, akaibandika mbele ya faili. Niliisoma kwenye mzunguko wa asubuhi nikiwa nimesimama. Nikatafuta kiti.

Mikono inayoruka asubuhi huku mtu ana fahamu, kuanguka alfajiri baada ya kukosa usingizi, na vyote kuanza umri wa kuvunja ungo: hiyo ni picha ya kifafa cha myokloni cha ujana, myokloni ikiwa ni huko kuruka kwa misuli ghafla. Kwenye vitabu vya kifafa ni miongoni mwa picha zinazojulikana sana. Na kabamazepini, inayowasaidia wengi wenye kifafa cha sehemu moja ya ubongo, inajulikana kwa kuichochea mikono hiyo na wakati mwingine hata kuanguka kwenyewe. Hili niliwahi kulijibu kwenye mtihani nikapata alama.

Tulimpigia daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, naye akataka EEG, kipimo cha mawimbi ya umeme wa ubongo. Binti alisafiri na mama yake hadi Dar es Salaam, akapimwa baada ya usiku wa kulala saa nne tu. Mawimbi yenye ncha yaliibuka pande zote mbili za ubongo kwa wakati mmoja, na taa ya kumetameta ilipowashwa yakaongezeka. Hapakuonekana pembe moja iliyotangulia nyingine.

Kifaa chenyewe, na ujumbe wa sauti kwenda Muscat

Uamuzi wangu wa kwanza haukuhusu dawa. Mjomba ndiye aliyekuwa na fedha na ndiye aliyekuwa na matumaini, na nilishajifunza gharama ya kumjibu kwa sentensi moja. Nikamrekodia ujumbe wa sauti wa karibu dakika kumi, nikiwa nimekaa kwenye gari lisilo langu ili nisisikie namba zikiitwa. Nilimweleza hivi, kwa ufupi.

Kidonge cha kifafa hupita tumboni, kinaingia kwenye damu, kinasambaa mwili mzima, na sehemu ndogo tu ndiyo inayofika ubongoni. Ndiyo sababu Binti alilala darasani: dawa haichagui. Isitoshe, ubongo una kizuizi chake dhidi ya vitu vilivyomo kwenye damu. Kuna kemikali iitwayo GABA, ambayo ubongo wenyewe huitengeneza ili kutuliza seli zake. Ukiimeza haina msaada, kwa kuwa haipenyi kizuizi hicho ipasavyo. Kwa hiyo wanasayansi wakajiuliza, kwa nini dawa isiwekwe ndani ya kizuizi, mahali penye moto?

Video aliyoiona ilitokana na kazi iliyochapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, pamoja na wenzao wa Ufaransa. Kifaa chao ni pampu, lakini haisukumi maji. Ndani yake dawa imeyeyushwa na chembe zake zina chaji ya umeme. Mkondo mdogo ukipita, chembe hizo huvutwa kupitia utando na kutoka zenyewe, maji yanabaki ndani. Uzuri wake ni kwamba ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, na ukiumiminia maji unaongeza shinikizo. Hapa hakuna tone linalotoka. Ncha ya kifaa hichohicho ina vinasa umeme vinavyosikiliza seli za jirani. Waliwapandikizia panya, wakawaanzishia kifafa kwa kemikali katika eneo hilohilo la ubongo, kisha wakaiachia GABA. Kifafa kilizuilika, na kilichokwisha kuanza kikakatika. Waliona kwamba ilitumika chini ya 1% ya dawa iliyopakiwa, na kwamba ubongo uliisafisha GABA hiyo ndani ya dakika chache. Kazi nzuri kweli, na sikumficha kwamba iliponisisimua nilijuta kuitazama kwa sekunde kumi.

Nikamwambia pia kwamba kuacha dawa ndani ya kichwa cha binadamu si ndoto. Marekani tangu mwaka 1996 wameruhusu vipande bapa vyenye dawa ya saratani vinavyoachwa pale uvimbe wa ubongo ulipoondolewa, vikayeyuka taratibu. Kwa kifafa, mwaka 2020 madaktari wa Australia waliripoti watu 5 wa kwanza waliokuwa na kifafa kilichogoma dawa za mdomoni, wakawekewa pampu chini ya ngozi inayopeleka valproeti, mojawapo ya dawa za kifafa, kwenye vyumba vya maji vya ubongo. Watu 5 ni mwanzo wa njia, na hiyo ni pampu nyingine, si ile ya kwenye video.

Kisha nikafika kwenye jambo lenyewe. Kifaa kile kinatoa dawa kwenye eneo dogo kabisa kuzunguka ncha yake. Panya wale walikuwa na bahati ya kuanzishiwa kifafa mahali ambapo kifaa kilikuwa kinangoja. Kifafa cha Binti hakina mahali. Umeme wake unayumba pande zote kwa mpigo mmoja. Hata kama kifaa kingeuzwa kesho asubuhi kariakoo ya Muscat, daktari wa upasuaji angelazimika kuuliza akipandikize wapi, na asingepata jibu.

Mjomba alijibu usiku huo, kwa sentensi yake mwenyewe: "Kwa hiyo tatizo si kompresa moja, ni umeme wa jengo zima." Tangu siku hiyo nawaeleza wagonjwa kwa maneno yake.

Maamuzi mengine, na kwa nini

Kabamazepini hatukuirudisha. Kawaida dawa ya kifafa huondolewa kwa wiki nyingi, lakini yeye alishakuwa nje yake, hatari ya kuacha ghafla ilishatokea, na kuirudisha kungekuwa kumwashia tena mikono.

Lililotuchukua muda ni dawa mpya. Kwa kifafa cha aina hii valproeti ndiyo yenye nguvu, tena inapatikana. Angekuwa mvulana, tungeandika siku hiyohiyo. Lakini Binti ana miaka 18 na posa ilishaletwa nyumbani. Mimba ikikutana na valproeti, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya mwili, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Mazungumzo hayo tulitaka yafanyike na Binti, siyo juu ya kichwa chake. Tulimwomba mama atoke kidogo. Mama hakufurahi, akatoka. Binti alikaa kimya, akauliza swali moja tu: "Nikiolewa nikaificha dawa, je?" Hapo muuguzi ndiye aliyejua kujibu. Mimi nilikuwa natazama kovu.

Tukachagua levetirasetamu, miligramu 250 mara mbili, kisha 500 mara mbili baada ya wiki mbili. Inawafaa wengi wenye kifafa hiki, na rekodi yake katika ujauzito ni bora mno kuliko ya valproeti. Ubaya wake ni mbili: inaweza kumfanya mtu awe na hasira za karibu, na kwetu haitolewi dirishani, inanunuliwa duka la dawa kila mwezi. Mjomba akasema fedha alizokuwa anakusanya kwa ajili ya safari zinatosha vidonge vya muda mrefu. Anatuma kila tarehe tano.

Usingizi tuliuandika kwenye daftari kama dawa, na saa zake. Ndipo kazi ya vitumbua ikaingia kwenye mazungumzo ya kitabibu, maana kumwamsha mwenye kifafa hiki saa tisa na nusu usiku na kumkalisha mbele ya moto katika saa ambazo mikono yake inaruka ni kuiita ajali kwa jina. Wakapanga upya: Binti analoweka mchele na kuupeleka mashineni jioni, mama na mtoto wa jirani wanakaanga alfajiri. Ujira wa mtoto wa jirani unatoka kwenye vitumbua. Familia hiyo sasa inapata pungufu kidogo kila siku, na hilo hakuna kliniki inayolirudishia.

Yaliyofuata

Mwezi wa kwanza hakuanguka. Mwezi wa pili ulikuwa Ramadhani. Alitamani kufunga, shehe wa mtaa alimwambia mgonjwa ana ruhusa na siku zitalipwa. Akakubali mbele yetu, akafunga siku tatu kwa siri. Kidonge hakikumsumbua, kwani mara mbili kwa siku kilikaa vizuri kati ya futari na daku. Kilichomsumbua ni daku yenyewe, kuamka usiku wa manane. Siku ya nne bakuli la tambi lilimruka mbele ya shangazi zake wote. Alikuja kutuambia mwenyewe, anacheka na kuona aibu kwa pamoja.

Dozi ilipandishwa hadi 750 mara mbili, na hapo hasira zikaja. Alimjibu mama yake maneno ambayo mama hakutaka kuyarudia mbele yangu. Tuliirudisha 500 na hali ikawa ya kuvumilika, haikuisha. Mwezi wa saba duka la dawa lilikosa levetirasetamu kwa siku tisa, dawa ikafuatwa mkoani kwa basi, kondakta akaibeba kwenye mfuko wa shati.

Kufikia mwezi wa kumi na moja ameanguka mara moja tu, baada ya kukesha msibani kwa babu yake, msiba ambao hakuna tabibu angeweza kumzuia kuuhudhuria. Mikono inaruka asubuhi chache kwa mwezi, zaidi akichelewa kulala. Wakala alirudisha laki tatu, akaacha kupokea simu. Shamba la minazi bado liko rehani. Posa imesogezwa mbele kwa ombi la Binti, na sababu amezieleza mwenyewe kwa upande wa mwanamume.

Nikirudi nyuma

Wenzangu niliowasimulia kisa hiki hukimbilia kwa wakala. Wakala alifanya ubaya wake, lakini alikuta kazi imeshaandaliwa. Familia ilimwendea ikiwa na mgonjwa ambaye "dawa mbili zimemshinda", na maneno hayo yalitoka kwetu. Chama cha kimataifa cha kupambana na kifafa, ILAE, kiliweka maana ya kifafa sugu mwaka 2010: dawa mbili zimeshindwa, lakini ziwe zimechaguliwa ipasavyo kwa aina ya kifafa na mgonjwa awe amezivumilia. Fenobabitali hakuivumilia. Kabamazepini haikumfaa tangu mwanzo. Kwa hesabu hiyo, siku aliyoingia kwetu alikuwa bado hajashindwa na dawa hata moja. Vifaa vyote hivi vya ubongoni, vya umeme na vya dawa, vinabuniwa kwa ajili ya watu walioko upande wa pili wa mstari huo, na sisi tulimvusha kwa kalamu.

Nawakumbuka wagonjwa wa kifafa wa Glasgow, Scotland, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000. Kati ya 470 waliokuwa hawajawahi kutumia dawa, 47% walitulia na dawa ya kwanza, na 14% zaidi kwa ya pili au ya tatu. Takwimu hizo hutumiwa sana kuonyesha kwamba dawa zikishindwa mapema, nafasi ya kutulia inashuka haraka, na ni kweli. Lakini zinamhesabu mtu aliyepewa dawa inayolingana na kifafa chake. Daftari la zahanati lenye neno moja, "kifafa", halitoshi kumweka mtu kwenye hesabu hiyo.

Jibu langu la sekunde kumi bado linanisumbua kuliko dozi nilizopandisha. Dozi nilizipandisha kwa kutojua. Lile jibu nililitoa nikijua kwamba mbele yangu kuna mama anayeuliza swali zuri. Ningemgeuzia swali, "kifaa hiki kinawekwa mahali kifafa kinapoanzia, je, cha mwanao kinaanzaje?", angenieleza vikombe vya plastiki siku hiyohiyo, kwa furaha, na shamba lingekuwa salama. Video ile ilikuwa nafasi bora zaidi ya kuchukua historia ambayo familia hiyo iliwahi kutuletea.

Kilichofanya kazi ni mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda. Muuguzi huyo hakuwa amesomea kifafa zaidi yangu. Alisikia msemo wa nyumbani na hakuuchukulia kuwa mzaha. Historia ya mgonjwa mara nyingi inakuja kwa lugha ya jikoni, na sisi tunangoja ije kwa lugha ya fomu. Baada ya kisa hiki tuliongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya mgonjwa mpya: "Asubuhi mikono ikoje? Vyombo vinamtoka?" Tulijadiliana kama tuandike neno la kitaalamu, muuguzi akakataa.

Ujumbe wa sauti nao ulifaa, kwa sababu ambayo sikuitarajia. Nilidhani namkatisha mjomba tamaa kwa upole. Alichopata ni sababu ya kifaa kutomfaa mpwa wake, kitu ambacho fundi anaweza kukishika na kukigeuzageuza. "Bado iko kwa panya" inamwachia mtu tumaini kwamba kesho itafika kwa watu, hivyo aendelee kutafuta wa kuiharakisha. Dakika zile kumi zilikuwa ghali siku ya kliniki, na siwezi kumfanyia kila mtu. Hata hivyo siku nne za wodini, safari ya Dar es Salaam na milioni moja na laki saba zilizopotea zilikuwa ghali zaidi.

Liko jambo moja ambalo sijalipatia pa kuliweka. Katika Alhamisi zilezile huja mvuvi mmoja wa miaka thelathini na kitu. Kifafa chake huanza kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kidole kinacheza, kisha kiganja, kisha mkono mzima, na kila mara ni hivyohivyo. Anaweza kukueleza kilipofika kama mtu anayesimulia vituo vya daladala. Ametumia kabamazepini na baadaye valproeti, zote kwa dozi kamili, zote anazimeza mbele ya mkewe, na bado kinamjia mara mbili kwa wiki. Haruhusiwi tena kuingia baharini, anashona nyavu za wenzake. Hana ndugu Muscat, wala hajawahi kunionyesha video ya kitu chochote. Nimemwandikia rufaa ya MRI, kipimo cha kupiga picha ya ubongo. Tarehe aliyopewa ni ya mwezi wa tatu mwakani.